Toeni vumbi kwanza, ndipo mtuambie kadi imekufa

Leo siandiki juu ya bei ya unga wala juu ya maji ya bomba. Naandika juu ya laptopu ya gemu inayochemka, na juu ya maneno manne yanayowanyang'anya vijana wetu chombo cha kazi: "Kadi ya picha imekufa."

Maneno hayo husemwa mashine ingali imefungwa. Fundi anaigusa kwa chini, anasikia moto, anatikisa kichwa, anatoa hukumu. Halafu inakuja bei, karibu nusu ya pesa iliyonunulia mashine yenyewe. Kijana hana pesa hiyo. Ndipo inakuja sauti ya upole: "Mdogo wangu, niachie tu, nitakupa kitu kidogo, nitoe vipande." Mashine inabaki pale, kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Na hajui kama ilikufa kweli au ilikuwa imejaa vumbi tu, kwa sababu hakuna aliyeifungua mbele ya macho yake.

Nasema wazi, nanyi mafundi mnisikie vizuri. Kutoa hukumu bila kufungua mashine si ufundi. Ni kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine. Na anayejua kwamba ni vumbi, lakini anasema ni kadi, huyo ni mwizi mwenye turnevisi mkononi.

Hii si habari ya watoto wa matajiri

Najua wengine mtasema: laptopu ya gemu inatuhusu nini sisi, watu wanaotafuta chakula? Inatuhusu. Tazameni nani anayezinunua hapa kwetu. Ni kijana anayepiga video za ndoa na za matanga, anayekata na kuunganisha picha usiku ili familia ipate kumbukumbu yake. Ni yule anayerekodi nyimbo za kwaya. Ni yule aliyefungua chumba kidogo, watoto wanalipa franka chache na kucheza mpira kwenye skrini. Wote hao wanatafuta mashine yenye kadi ya picha yenye nguvu, kwa sababu laptopu ya ofisi inachoka haraka mbele ya video. Na mashine yenye kadi hiyo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu.

Hawanunui mpya. Wananunua iliyotumika, iliyopita kwa mikono miwili au mitatu kabla ya kufika Lubumbashi au kupitia Kasumbalesa. Mashine hiyo imekwisha kufanya kazi miaka minne, mitano, bila kufunguliwa hata mara moja. Haina karatasi ya dhamana. Aliyeiuza hajulikani alipo.

Na ninyi mliofika hapa mkiwa na mabegi tu, mnajua maana ya chombo kimoja cha kazi ndani ya nyumba ya watu wanane. Kwa familia iliyoacha shamba, mbuzi na nyumba, mashine ile ndiyo shamba la leo. Anayeichukua kwa uongo amechukua jembe la familia hiyo.

Kwa nini inachemka

Tuanze na ukweli wa chombo chenyewe, ili mtu asidanganywe. Ndani ya laptopu ya gemu kuna vitu viwili vinavyotoa joto kali: prosesa, ambayo ni kichwa chake, na kadi ya picha. Vyote viwili vikifanya kazi kwa nguvu, vinakula umeme wa wati 100, 150, hata zaidi. Umeme huo karibu wote unageuka joto. Fikiria taa kubwa ya zamani ya wati 100, ile inayounguza vidole, imefungwa ndani ya kisanduku chembamba kama daftari. Ndivyo ilivyo.

Prosesa nyingi za laptopu zimeumbwa kuvumilia hadi karibu digrii 100. Sisi hapa Likasi tuko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu digrii 96. Maana yake, kichwa cha mashine kinaweza kufika kwenye joto la maji ya bukari yanayotokota juu ya mbabula, na bado hakijafa. Kikifika mpaka wake, kinajipunguzia mwendo chenyewe. Ndiyo sababu gemu linaanza kukwama, au video iliyokuwa inamalizika kwa saa moja inachukua saa tatu. Joto likizidi tena, mashine inajizima ghafla. Hapo ndipo mwenye mashine anapopiga kelele kwamba imekufa. Kumbe imejizima ili isife.

Namna gani joto hilo linatoka? Juu ya prosesa na juu ya kadi ya picha kumewekwa bamba la shaba. Kati ya chipu na bamba hilo kuna pasta, aghalabu ya kijivu au nyeupe, inayosaidia joto lipite. Kutoka kwenye bamba yanaanza mabomba membamba ya shaba, na ndani yake kuna maji kidogo sana. Maji hayo yanageuka mvuke upande wa moto, yanakimbilia upande wa baridi, yanarudi kuwa maji. Mwisho wa bomba kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya chanuo, na feni inapuliza hewa katikati yake. Hewa moto inatoka kando, na chombo kinapumua.

Sasa ziba yale meno. Ndiyo habari yote.

Vumbi letu si vumbi la Ulaya

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, hapa kwetu hakunyeshi. Udongo ni mwekundu, mwepesi, unaingia hata ndani ya sukari iliyofunikwa. Malori ya madini yanapita mchana na usiku kati ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na kila moja linainua wingu lake. Shituru yenyewe ni mtaa wa viwanda tangu enzi za Union Minière. Mama anafagia asubuhi, saa sita meza imerudi kuwa nyekundu.

Feni ya laptopu inavuta hewa hiyo saa zote inapowaka. Vumbi linachanganyika na nyuzi za nguo, nywele na moshi wa jikoni, linajikusanya nyuma ya feni, mbele ya yale meno, mpaka linakuwa kitambaa kizito kama kipande cha blanketi. Kwa nje huoni kitu. Matundu yanaonekana safi, feni inalia kwa nguvu, lakini hewa haitoki. Wengi wanasema: "Feni inafanya kazi, basi si feni." Kweli, si feni. Ni ukuta uliojengwa mbele yake.

Ongeza hapo pasta iliyokauka baada ya miaka mingi, ikapasuka kama matope ya kiangazi. Ongeza kwamba mashine imewekwa juu ya godoro au juu ya mto, na matundu yanayovuta hewa yako chini, yamezibwa na kitambaa. Ongeza mwezi wa kumi, wakati joto linapanda kabla ya mvua kuanza. Je, unahitaji kadi iliyokufa ili mashine ichemke? Huhitaji. Hizo sababu zinatosha.

Kuchoma chipu si kutengeneza

Kuna kazi moja ambayo baadhi ya mafundi wanaipenda kuliko zote: wanafungua mashine, wanaelekeza bunduki ya hewa moto juu ya chipu ya picha, wanaichoma dakika kadhaa, wanafunga. Mashine inawaka! Mteja anafurahi, analipa. Baada ya siku chache au wiki chache, skrini inarudi kuwa nyeusi. Akirudi, anaambiwa: "Sasa imekufa kabisa, unaona, nilijaribu."

Ujanja huu haukuzaliwa Likasi. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilikubali kwamba mashine zake za gemu za Xbox 360 zilikuwa zinaharibika kwa wingi, ikaongeza dhamana hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia, inayotengeneza kadi za picha, ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu chipu zake fulani za laptopu zilikuwa na viungo dhaifu, vinavyochoka kwa kupata joto na kupoa, kupata joto na kupoa. Wakati huo watu huko Marekani na Ulaya walifunika Xbox kwa taulo ili ijichome yenyewe. Wengine walitia kadi ndani ya ofeni ya mikate. Vitu viliwaka tena, kwa muda. Kisha vikafa.

Basi somo ni hili. Kuchoma kunagusa kiungo kilichopasuka kikashikana kidogo, lakini ugonjwa unabaki palepale. Na kama chipu haikuwa na ugonjwa, ila vumbi tu, basi umeichoma bure na kuipunguzia maisha. Huko kwao, kampuni zililipa. Hapa anayelipa ni kijana wa Shituru, mara ya kwanza kwa kuchomewa, mara ya pili kwa kupoteza mashine.

Sikatai kwamba kadi hufa. Zinakufa. Skrini inajaa mistari ya rangi hata mashine ikiwa baridi, picha inapasuka vipande, mashine inakataa kuwaka kabisa hata baada ya kulala usiku mzima. Hapo fundi ana haki ya kusema kadi ina shida. Lakini mashine inayowaka vizuri asubuhi na kukwama baada ya dakika ishirini za gemu, hiyo kwanza isafishwe. Utaratibu ni huo, na fundi wa kweli anaujua.

Jaribu mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi

Weka mashine juu ya meza ngumu. Inyanyue nyuma kwa vifuniko vinne vya chupa za Simba, viwili viwili kila upande, hewa ipite chini. Tia programu ya bure ya kupima joto, kama HWMonitor, uisome mashine ikiwa imetulia, kisha gemu au video ikiwa inaendelea. Ikiwa imetulia na iko digrii 40 hadi 55, ni kawaida kwa nchi yetu. Ikiwa inafanya kazi na iko 75 hadi 90, ni moto, lakini laptopu ya gemu inavumilia. Ikiwa imetulia tu na tayari iko 80, hewa haipiti au pasta imekwisha. Andika namba hizo kwenye karatasi. Utazihitaji.

Weka mkono kando, pale hewa inapotoka. Feni ikilia na hewa ikawa hafifu, umeshapata jibu.

Tazama chaja. Chukua volti iliyoandikwa karibu na neno linaloonyesha umeme unaotoka, uizidishe kwa ampea. Volti 19.5 mara ampea 9.23 ni wati 180, chaja ya mashine ya gemu. Volti 19.5 mara ampea 3.34 ni wati 65, chaja ya laptopu ya ofisi. Wengi wameuziwa mashine kubwa na chaja ndogo. Ikikubali kuchaji, chaja ndogo inafanya kazi kupita nguvu zake, inaunguza mkono, na betri inashuka hata ikiwa imechomekwa. Hiyo si kadi ya picha. Ni punda aliyebebeshwa mzigo wa lori.

Punguza kazi. Ndani ya gemu, weka mpaka wa picha 60 au hata 30 kwa sekunde. Jicho litavumilia na mashine itashukuru. Ndani ya Windows, kwenye mpango wa umeme, weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100. Katika mashine nyingi hiyo asilimia moja inazima mwendo wa ziada wa prosesa, na joto linashuka digrii nyingi. Haigharimu hata franka moja.

Kusafisha kwenyewe si uchawi. Zima mashine, toa chaja, ondoa kifuniko cha chini, toa waya wa betri kwenye nafasi yake. Shika feni kwa kijiti isizunguke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini. Usipeleke mashine kwa fundi wa matairi aipulize kwa pampu yake: hewa ile ina maji na mafuta, na feni ikizungushwa kwa nguvu hiyo inavunjika. Pasta ya zamani ifutwe kwa alkoli safi ya famasi, si lutuku, maana lutuku ina maji mengi. Kisha pasta mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kama hujawahi kushika turnevisi, mwachie anayejua, lakini kaa pale utazame.

Na tuache dawa za kienyeji. Wengine wanatia laptopu ndani ya friji. Ikitoka, maji yanajitengeneza ndani yake kama jasho juu ya chupa ya baridi, na yanakutana na umeme. Wengine wanapaka dawa ya meno mahali pa pasta; inakauka upesi na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wengine wanafunika kwa kitambaa chenye maji. Hao wote wanatibu homa kwa kumfunga mgonjwa pua.

Jambo ambalo halingoji

Mpaka hapa nimesema juu ya pesa. Sasa nasema juu ya roho za watu.

Joto linaua betri kabla ya kuua kadi. Betri ya laptopu iliyozeeka ndani ya joto inaweza kuvimba. Utaona kifuniko cha chini kimetuna, au mahali pa kugusia pameinuka, au mashine haifungiki sawasawa. Ukiona hivyo, acha kuitumia, acha kuichaji. Usiitoboe, usiikandamize. Iweke nje, juu ya udongo mtupu au saruji, mbali na majani, mafuta na nguo, mpaka fundi anayejua aitoe. Usiitupe jalalani pamoja na takataka, maana watoto wanachokonoa pale.

Mtu asiseme natisha watu bure. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliwaomba wateja wake warudishe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu zingeweza kushika moto. Milioni nne! Kampuni ilitangaza kwenye magazeti, ikatoa betri mpya bila malipo. Mashine zetu zilizotumika nani atazitangazia? Hakuna barua itakayofika Shituru kusema betri yako ni mbaya. Mwangalizi ni wewe.

Familia zilizokimbia vita mara nyingi zinakaa chumba kimoja. Godoro, mkaa, nguo na watoto, vyote pamoja. Umeme unarudi usiku, kila mtu anachaji wakati wa kulala. Nawaombeni, baba na mama: laptopu isichajiwe usiku juu ya godoro. Ichajiwe mtu akiwa macho, juu ya kitu kisichoungua, mbali na neti ya mbu. Kama umeme unakuja usiku tu, zamu iwekwe kama zamu ya kuteka maji.

Na SNEL je?

Mafundi wengi wakibanwa wanasema: "Ni umeme wa SNEL, si kazi yetu." Tusimame hapo kidogo. Kweli, umeme wetu unapanda na kushuka, unakatika na kurudi kwa kishindo. Tunakaa karibu na mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na bado tunangoja zamu. Hasira hiyo ni haki yetu, nami nitaendelea kuisema. Kishindo cha umeme unaorudi kinaweza kuua chaja au hata mashine, kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa, ngoja dakika chache baada ya kurudi, ndipo uchomeke.

Lakini umeme mdogo haujazi vumbi ndani ya mashine. Haukaushi pasta. Chaja nyingi za laptopu zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka zinapata moto zaidi, lakini kadi ya picha haichomwi na jambo hilo. Tusiitumie SNEL kufunika kila kosa. Ina makosa yake ya kutosha.

Wazee nao wana msemo wao: "Ni gemu ndizo zinaua mashine, watoto waache uvivu." Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini mashine hiyo inatoa joto lilelile ikikata video ya matanga ya familia yenu. Chombo hakijui kama ni mpira au ni ibada. Mkimfukuza mtoto kwenye mashine na kuiacha na vumbi lake, itachemka vilevile siku ya ndoa.

Neno kwa mafundi, na neno kwa wateja

Nasikia jibu la mafundi, na lina uzito. Wanasema: "Nasi tuna watoto. Tukisema ni vumbi, mteja anacheka: vumbi tu, nikulipe nini? Tukisema ni kadi, ndipo anatoa pesa." Hilo ni kweli, na hapo wateja tuna deni. Tumezoea kulipia kipande, hatulipii akili wala mikono. Fundi anayefungua laptopu ya gemu, mwenye skrubu zaidi ya kumi na nyaya nyembamba kama nywele, akaisafisha, akabadilisha pasta, akaifunga bila kuvunja kitu, amefanya kazi ya saa nzima au zaidi. Anastahili malipo kamili. Anayetaka asafishiwe kwa bei ya soda ndiye anayemfundisha fundi kusema uongo.

Lakini umaskini wa fundi haumpi ruhusa ya kumvua maskini mwenzake. Tena uongo unaua soko lake mwenyewe. Kijana aliyeibiwa mara moja haendi tena kwa fundi yeyote; anapeleka mashine Lubumbashi, kilomita kama 120, au anaacha kazi kabisa.

Tukumbuke pia tuko wapi. Yale mabomba yanayobeba joto ndani ya laptopu ni ya shaba. Betri za laptopu, nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Baba zetu waliyeyusha na kusafisha shaba hapa Shituru, wakijua moto unavyokwenda ndani ya chuma kuliko mhandisi yeyote wa mbali. Ni aibu gani, mtoto wa mji wa shaba kushindwa kuelewa bomba la shaba la urefu wa kidole, akaliuza kama kipande!

Kwa hiyo, haya ndiyo ninayoyadai, na nayaandika ili kila mmoja ayashike mlangoni kwa fundi.

Kwanza, mashine ifunguliwe mbele ya mwenyewe. Pili, isafishwe na kubadilishwa pasta kabla ya neno lolote juu ya kadi. Tatu, joto lipimwe kabla na baada, namba ziandikwe kwenye karatasi. Kama hazikushuka, hapo tuongee juu ya kadi. Nne, hakuna kuchoma chipu bila mwenye mashine kuambiwa wazi kwamba dawa hiyo si ya kudumu. Tano, kipande chochote kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe, hata kama kimeharibika. Sita, bei ya kusafisha ikubaliwe mwanzoni, na mteja ailipe bila kununa.

Nawaomba mafundi wa Shituru na Kikula mkae pamoja, mpange bei moja ya kusafisha na muibandike ukutani. Nawaomba viongozi wa mitaa na wa makanisa yanayopokea familia zilizokimbia, mchague vijana wawili au watatu wajifunze kazi hii kwa fundi mwaminifu, nao wawasaidie wenzao. Vifaa vyake ni turnevisi ndogo, brashi, alkoli na kichupa cha pasta.

Na wewe uliye na mashine inayolia sasa hivi juu ya kitanda chako: iondoe hapo, uiweke mezani, utafute vifuniko vinne. Kesho ifungue au ifunguliwe ukiwa unaona. Fundi akikuambia kadi imekufa kabla hajashika turnevisi, funga begi lako, umwage kwa heshima, uende kwa mwingine.